Kabla Hujalaumu Mtandao, Angalia Taa

Likizo ndefu iliyopita niliwakatia intaneti watu saba kwa kijiti cha kuchokolea meno. Sikukusudia. Nilikuwa natengeneza kompyuta yangu, au niseme nilidhani natengeneza. Naandika makala haya ili mwenzangu yeyote aliyepanga huku Makumira, mwenye kompyuta ya mezani na waya unaotoka kwenye rauta ya mwenye nyumba, asirudie kosa langu. Ni somo la dakika kumi tu. Mimi lilinigharimu siku mbili, hela ya chakula ya wiki nzima, na aibu mbele ya jirani yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Wenzangu wengi walishapanda mabasi kwenda makwao, mimi nikabaki kuandika ripoti ya fildi. Kompyuta yangu ni ya mtumba, haina Wi-Fi, kwa hiyo inategemea waya. Jumatatu jioni umeme ulikatika. Uliporudi usiku nikaiwasha, nikafungua barua pepe nimtumie msimamizi wangu sura ya tatu. Ukurasa haukufunguka. Lilikuja onyo refu, sikulisoma. Nikajaribu ukurasa mwingine, onyo lilelile. Simu ilikuwa imezima chaji, kwa hiyo sikuwa na kitu cha kulinganishia. Nikasema peke yangu, "Hawa jamaa wamekata tena mtandao."

Basi nikaanza kazi. Nilizima rauta, nikawasha. Nikachomoa waya, nikachomeka. Nikafuta draiva ya kadi ya mtandao, nikairudisha. Nikabadilisha namba kwenye mipangilio kwa kufuata kitu nilichowahi kukisikia bwenini. Mwisho nikaona nyuma ya rauta kuna katundu kadogo kameandikwa "Reset". Nikachukua kijiti, nikabonyeza mpaka taa zote zikazima na kuwaka upya. Nikajisikia fundi.

Sikujua kwamba katundu kale hakawashi tu rauta upya. Kanafuta kila kitu: jina la Wi-Fi, nywila yake, na pia jina la akaunti na nywila ambavyo rauta ile ilivitumia kujitambulisha kwa kampuni inayotuuzia intaneti. Asubuhi nyumba nzima hamna mtandao. Dada wa chumba cha pili alikuwa anamjazia mdogo wake fomu ya mkopo wa elimu ya juu, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Jumatano. Akaja kuniuliza, "Mdogo wangu, kwako kunashika?"

Nikamjibu, "Hamna dada, naona kampuni ina matatizo. Watarudisha tu."

Hapo ndipo kosa lilipohama kutoka kwenye kompyuta likaja kwangu. Dada aliniamini. Akasubiri Jumanne yote. Jumatano mchana, mtandao haujarudi, ikabidi apande daladala na makaratasi yake hadi Usa River, akapange foleni kwenye steshenari iliyojaa watu wenye shida kama yake. Fomu iliingia usiku, dirisha likiwa linakaribia kufungwa. Kama ingegoma, kijana mmoja angeanza mwaka bila mkopo kwa sababu ya kijiti changu na mdomo wangu.

Fundi alifika Jumatano hiyohiyo alasiri, mtu mzima, na begi dogo kuliko nilivyotarajia. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza nani aliigusa rauta. Nikakiri. Hakunigombeza. Alimwomba mama mwenye nyumba karatasi ya mkataba, akapiga simu, akaingiza upya jina la akaunti na nywila, na baada ya dakika ishirini simu za watu zikaanza kulia ujumbe. Nikakimbilia chumbani. Kompyuta yangu? Onyo lilelile la Jumatatu.

Yaani rauta haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Fundi akaja akasimama nyuma yangu. Hakugusa kitu. Akaanza kuniuliza maswali, moja baada ya jingine, na hayo maswali ndiyo somo lenyewe. Alinieleza kwamba safari ya intaneti ni kama safari ya kutoka hapa kwenda mjini. Unatoka chumbani, unafika barabarani, unapanda gari, unapita Tengeru, unafika stendi. Mtu akikwama, swali la maana ni amefika kituo gani. Ukianzia kituo cha karibu na kwenda mbele kimoja kimoja, lazima utakuta pale safari inapokatikia. Ukirukaruka, unaharibu na vituo vilivyokuwa vizima.

Swali la kwanza: taa inawaka?

Geuza kompyuta, angalia tundu unapoingia waya wa intaneti. Kwenye kompyuta nyingi kuna vitaa viwili vidogo. Kwa kawaida kimoja kikiwaka maana yake waya umeshikana na upande wa pili, na kinachomeremeta kinaonyesha data inapita. Kama hakuna hata kimoja, usihangaike na mipangilio yoyote ndani ya kompyuta. Tatizo linaweza kushikwa kwa mkono. Sukuma kichwa cha waya mpaka usikie mlio. Vichwa vingi vimevunjika kile kibanio cha plastiki, kwa hiyo vinachomoka ukisogeza meza. Halafu hamishia waya kwenye tundu jingine la rauta. Bado? Rudisha, kisha azima waya mwingine ulio mzima. Angalia hapo: unabadilisha kitu kimoja, unapima, ndipo unaenda kingine. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na mambo yakakaa sawa, hutajua kilichoponya ni kipi.

Ndani ya waya huo kuna nyaya ndogo nane, zimesokotwa mbili mbili. Kwa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde zinatumika nne tu, yaani ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. Kwa megabiti 1,000 zinatumika zote nane. Ndiyo maana waya uliobanwa na mlango au kutafunwa na panya unaweza kufanya kazi lakini polepole, au ukashika na kuachia kila unapouguza. Kama unabana kichwa kipya, mpangilio unaotumika sana kuanzia namba 1 ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Na usivute waya mmoja zaidi ya mita 100. Hicho ndicho kipimo chake, hata kama rauta ipo nyumba kubwa na wewe upo ng'ambo ya migomba.

Kwangu taa zilikuwa zinawaka zote mbili. Fundi akasema, "Haya, waya tuuache."

Swali la pili: kompyuta imepewa anwani?

Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha Enter. Kitafunguka kidirisha cheusi. Andika ipconfig. Tafuta mstari wa anwani ya IPv4. Kwenye rauta nyingi za nyumbani utaona namba inayoanza na 192.168, ingawa nyingine huanza na 10. Hapo upo salama. Ukiona inayoanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa na mtu, ikaamua kujipa yenyewe. Ni kama mgeni aliyefika bwenini usiku, akakosa wa kumpa namba ya chumba, akajiandikia yake mlangoni. Namba anayo, ila haitambuliwi na yeyote.

Hapo tatizo lipo kati yako na rauta: waya wenye hitilafu, rauta iliyoganda, au wewe mwenyewe uliwahi kuingia kwenye mipangilio ukaandika namba kwa mkono. Rudisha mipangilio iwe ya kupokea anwani moja kwa moja. Kama ni rauta imeganda, izime kwenye swichi, hesabu mpaka thelathini, washa. Kuzima kwenye swichi hakufuti kitu. Kijiti ndicho kinafuta.

Yangu ilikuwa 192.168, japo ilibidi kwanza tufute zile namba nilizoziandika usiku ule.

Swali la tatu: rauta inajibu?

Kwenye matokeo yaleyale ya ipconfig kuna mstari wa mwisho wenye maneno "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya rauta, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping, acha nafasi, kisha namba hiyo. Kompyuta itapiga hodi mara nne. Ukijibiwa mara nne, kila jibu likiwa na milisekunde chache, barabara ya ndani ya nyumba ni nzima. Ukijibiwa mara mbili na kukosa mara mbili, rudi kwenye waya.

Swali la nne: huko nje kunajibu?

Sasa andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya Google, rahisi kukumbuka. Kama rauta inajibu lakini hii haijibu, kompyuta yako haina kosa, iache. Angalia kama kifurushi cha nyumba kimeisha. Angalia kile kisanduku cha faiba ukutani: taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kutoka nje, pengine waya umekatika njiani. Hapo ndipo unapopiga simu kwa kampuni. Na ukipiga, usiseme tu "mtandao hamna". Sema, "Rauta inajibu, nje hakujibu, taa ya LOS ni nyekundu tangu saa mbili asubuhi." Utaona unavyosikilizwa tofauti.

Hapa niwakumbushe Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nilikuwa mwaka wa kwanza. Intaneti ilizorota karibu nchi nzima, na sisi tulishinda tunazima na kuwasha simu na rauta. Kumbe kosa lilikuwa chini ya Bahari ya Hindi. Mawasiliano yetu na dunia hutegemea sana kebo zilizolazwa baharini. SEACOM ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na kabla ya hapo tulitegemea setilaiti. Siku hiyo kebo zote mbili zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Upande wa kaskazini nao ulishakuwa dhaifu, kwa sababu mwezi Februari mwaka huohuo kebo kadhaa, SEACOM ikiwemo, zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Njia moja ilishaumia, ya pili ikaumia, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Ilichukua siku kadhaa huduma kutengemaa.

Mtu aliyejiuliza maswali haya siku ile angefika swali la nne akajua hakuna cha kufanya chumbani kwake. Angeweka rauta chini, akafungua daftari, akasoma. Kujua kwamba kosa si lako nako ni kujua, kunakuokolea siku. Shida yangu ni kwamba nilijifunza upande mmoja tu wa Jumapili ile. Tangu hapo kila ukurasa ukigoma nilikuwa nawaza bahari, au kampuni, au serikali. Sikuwahi kuwaza meza yangu.

Kwangu 8.8.8.8 ilijibu mara nne. Nikaanza kuona aibu.

Swali la tano: majina yanatafsiriwa?

Kompyuta haziitani kwa majina. Zinaitana kwa namba. Unapoandika jina la ukurasa, kuna huduma inayoitwa DNS inayolitafuta jina hilo na kukupa namba yake, kama unavyomtafuta rafiki kwenye orodha ya simu badala ya kukariri namba. Andika ping google.com. Kama namba 8.8.8.8 ilijibu lakini kompyuta inasema haimpati mwenye jina hili, basi orodha ya simu ndiyo imepotea, barabara ipo. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya DNS, weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1, ujaribu tena.

Kwangu jina lilitafsiriwa, majibu yakaja. Kila kituo kizima. Fundi akavuta kiti, akaketi. "Sasa dogo," akasema, "nisomee hilo onyo unalolifunga kila mara."

Nikalisoma kwa mara ya kwanza. Lilisema muunganisho si salama, na chini yake, kwa maandishi madogo, lilisema saa ya kompyuta iko nyuma.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza. Nikatazama kona ya chini kulia ya kioo. Tarehe 1 Januari 2009.

Swali la sita, basi: saa yako ni sahihi?

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, kwa kawaida aina ya CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati umeme haupo. Ikichoka, umeme ukikatika kompyuta inasahau tarehe na kurudi kwenye ile iliyowekwa kiwandani. Sasa kurasa nyingi za leo, kuanzia barua pepe mpaka benki, zinajitambulisha kwa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta yangu ilikuwa inaishi mwaka 2009. Kila ilipooneshwa cheti, iliona kimetolewa miaka mingi mbele, hakijaanza hata kutumika. Ikakikataa. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Windows hujaribu kurekebisha saa yenyewe kupitia mtandao, lakini tofauti ikiwa kubwa kiasi hicho inaweza kugoma.

Fundi akasahihisha tarehe. Barua pepe ikafunguka palepale. Betri nilinunua kesho yake kwa fundi saa, bei yake haikufika hata nusu ya nauli niliyompa fundi huyu ya kurudi mjini.

Tahadhari moja hapa. Usichukulie kwamba kila onyo la usalama ni saa. Kama tarehe yako ni sahihi na onyo linakuja kwenye ukurasa mmoja tu, au linakuja ukiwa kwenye Wi-Fi ya bure usiyoijua, usilazimishe kuingia, hasa kama unataka kuandika nywila. Pengine kweli kuna mtu katikati.

Jambo jingine ni radi. Huku chini ya Mlima Meru masika yanapopamba moto, kuchomoa plagi ya umeme peke yake hakutoshi. Chomoa na waya wa intaneti, maana nao unaweza kuleta mshtuko mpaka ndani na kuunguza lile tundu. Tundu likiungua, swali la kwanza litakujibu: taa haiwaki hata ubadilishe waya mara ngapi.

Hayo ndiyo maswali sita. Taa, anwani, rauta, nje, jina, saa. Si lazima uwe unasoma kompyuta. Mimi nasoma ualimu. Na kabla ya hata hilo la kwanza, kama simu yako ina chaji, iunganishe na Wi-Fi ya rauta ileile. Ikishika, kosa lipo kwenye kompyuta au waya wake, na huna sababu ya kuigusa rauta ya watu. Hicho tu kingeniokoa Jumatatu ile.

Usiku wa Jumatano dada aliporudi kutoka Usa River nilikuwa namsubiri kibarazani. Nikamweleza yote, kuanzia kijiti mpaka uongo wa kampuni. Alikuwa amechoka, mkoba bado begani. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kubonyeza ni ujinga, mdogo wangu, hata mimi ningeweza kubonyeza. Ila ungeniambia Jumanne, ningeenda Jumanne." Akaingia ndani. Alinisalimia tena baada ya siku mbili.

Kwa hiyo kwa wote tunaotumia rauta moja, nina ombi. Mwombeni mwenye nyumba jina la akaunti na nywila ya kampuni, viandikwe mahali salama anapopajua yeye. Na ukiharibu, sema umeharibu, siku hiyohiyo, kwa sababu huenda chumba cha pili kuna mtu anahesabu saa.

Maswali sita nimeyaandika kwenye karatasi na kuyabandika ukutani juu ya rauta. Wiki iliyofuata nilikuta mama mwenye nyumba ameongeza la kwake chini, kwa kalamu nyekundu: VIJITI VIKAE JIKONI.